Bastola ya marehemu baba: usiijaribu kabla haijapimwa

Matanga yamekwisha. Jamaa waliotoka mashambani wamerudi kwao, viti vya kukodi vimerudishwa kwa mwenyewe, na nyumba yenu ya Buruburu imebaki kimya. Wewe, kifungua mimba, umeitwa na mama chumbani ili mlifungue lile sanduku la bati ambalo marehemu baba hakumruhusu mtu kuligusa. Mnatoa hati ya nyumba, vitabu vya benki, picha za arusi zilizogeuka rangi na koti la sufi lililoliwa na nondo. Halafu chini kabisa, ndani ya kitambaa kinachonuka mafuta ya mashine, mnakuta bastola.

Ndugu yako mdogo anawahi kuichukua. Anaigeuza huku na huku, anafumba jicho moja kama alivyoona katika sinema, kisha anacheka. "Kaka, hii bado nzima kabisa. Tuitie mafuta kidogo, usiku tuteremke mtoni tukaijaribu."

Msomaji mpenzi, huenda kisa hiki si chako. Lakini katika mitaa ya Eastlands, ambako wazee walioanza maisha mjini miaka mingi iliyopita wanaendelea kutuacha, kinaweza kuwa chako kesho, au cha jirani mnayetengana naye kwa ukuta mmoja tu. Ndiyo maana leo tunataka kukuonyesha njia ndefu iliyopo kati ya sanduku hilo la bati na risasi ya kwanza kupigwa katika uwanja wa shabaha. Ukishaijua, wewe mwenyewe utaamua kama ni safari unayoitaka.

Ilifikaje humu mitaani?

Swali la kwanza la mama litakuwa hili: mzee aliitoa wapi? Na jibu huenda lisipatikane kamwe.

Eastlands ni mahali palipojengwa na watu waliopita vitani. Jina la Kariokor linatokana na kikosi cha wapagazi Waafrika, Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Soko la Burma nalo linatukumbusha askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Baada ya hapo mji ulijaa askari polisi, walinzi, madereva wa masafa marefu na wafanyabiashara waliobeba fedha za mauzo usiku. Baadhi yao walipewa vyeti vya kumiliki silaha kihalali. Wengine walinyamaza.

Walikuwa na sababu ya kunyamaza. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi Oktoba 1952, kupatikana na bunduki au risasi bila idhini kuliweza kumpeleka mtu kitanzini. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na wakazi wa mitaa ya Waafrika wakatolewa nje, wakapangwa foleni na kuchujwa mmoja mmoja. Maelfu walipelekwa kizuizini. Hata Dedan Kimathi, alipokamatwa mwezi Oktoba 1956 na kufikishwa mbele ya mahakama kule Nyeri, alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya .38 na risasi 6. Kwa hilo akahukumiwa kifo, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kwa hiyo, ukikuta chuma kimefichwa chini ya sanduku, usiwe mwepesi wa kumhukumu marehemu. Mtu wa rika lake alijua uzito wa kitu hicho. Balaa huanza pale wanawe wanapokuwa hawaujui.

Saa ya kwanza

Jambo la kwanza ni kumwambia ndugu yako aiweke chini. Usimnyang'anye, kwani bastola nyingi hulipuka wakati wa kunyang'anyana. Mwambie kwa utaratibu atoe kidole kwenye kifyatulio, aelekeze mtutu mahali pasipo na mtu, kisha ailaze juu ya kitanda na kurudi nyuma.

Usimwamini anayekuambia kwamba haina risasi. Kila bastola ihesabiwe kuwa na risasi hadi mtu mwenye ujuzi aifungue na kuthibitisha. Zile za magazini, zinazojazwa kupitia mpini, ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Mtu huchomoa magazini, akaona ametoa risasi zote, kumbe kuna moja imebaki ndani ya mtutu ikimngoja. Tena bastola nyingi za zamani hazina kile kizuizi cha pini ambacho watengenezaji wa siku hizi huweka. Ikianguka sakafuni vibaya, inaweza kujipiga yenyewe.

Watoe watoto, funga mlango wa chumba, ufunguo ukae kwako. Kisha upige simu au uende kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, kiwe cha Buruburu, Jogoo Road, Shauri Moyo au Kayole, ueleze mlivyoikuta. Kama unaogopa, na ni haki yako kuogopa, fuatana na wakili au mzee wa mtaa anayeheshimika. Hakikisha habari hiyo imeandikwa na umepewa namba ya OB. Namba hiyo ndiyo ngao yako.

Usiitie bastola ndani ya mfuko wa karatasi ukapanda matatu kuipeleka kituoni. Ukisimamishwa njiani, nani atakuamini kwamba ulikuwa ukienda kuisalimisha? Acha polisi waje waichukue wenyewe.

Na zile za kwenda kuijaribu mtoni usiku? Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, ambao ni zaidi ya mwendo wa sauti, na ikipigwa juu kwa mshazari inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1. Ukisimama ukingoni mwa Mto Nairobi, chora duara la kilomita moja kila upande, kisha uhesabu vyumba, vibanda na vitanda vya watoto vilivyomo. Mabati hayaizuii risasi, wala mlango wa mbao.

Cheti hakirithiwi

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Silaha, ambayo ni Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inasema kwamba mtu haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi bila cheti. Zingatia hayo maneno mawili: silaha na risasi. Hata risasi moja uliyoiweka kwenye kabati la vyombo kama pambo inaweza kukufikisha kizimbani Makadara.

Huenda ndani ya sanduku mkakuta pia cheti cha baba. Hilo ni jambo jema, maana litaonyesha bastola ilikuja kwa njia halali. Lakini usidhani kwamba cheti kinarithiwa kama shamba. Kilikuwa na jina lake, kikatolewa baada ya yeye kuchunguzwa. Wewe ni mtu mwingine, na utachunguzwa upya kutoka mwanzo.

Kazi hiyo leo iko mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyochukua nafasi ya afisa mkuu wa leseni baada ya marekebisho ya sheria za usalama mwaka 2014. Bodi itataka kujua kama una sababu ya kuridhisha ya kumiliki silaha. Itaangalia kama umewahi kuwa na kesi za jinai, kama wewe ni mtu wa ulevi, na kama akili yako imetulia. Utaulizwa pia utaiweka wapi. Wala usidhani kwamba ukishakipata cheti umemaliza. Mwezi Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote waliokuwa na silaha wachunguzwe upya, hata wale waliokuwa na vyeti vya miaka mingi.

Kenya si Marekani, ambako katiba yenyewe inataja haki ya raia kubeba silaha. Hapa kwetu bunduki ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na huondolewa.

Wakati maombi yako yakishughulikiwa, bastola itakuwa mikononi mwa polisi. Wataalamu wa silaha wanaweza kuichunguza, kuangalia namba yake na hata kuipiga risasi ya majaribio ili waone alama zinazoachwa kwenye ganda na kichwa cha risasi. Kila mtutu huacha michirizi yake, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Hivyo ndivyo hujulikana kama silaha hiyo iliwahi kutumika katika uhalifu. Kwa sababu hiyo, ole wako ukiipiga msasa ile namba ili ing'ae. Bastola isiyo na namba haina jina, na anayeishika ndiye atakayetafutiwa jina.

Si kazi ya fundi wa Kamukunji

Tuseme umevuka yote hayo. Cheti kimetoka kwa jina lako, na bastola umekabidhiwa. Sasa utataka ikaguliwe kabla ya kupelekwa uwanjani. Hapa ndipo vijana wengi hukosea kwa sababu ya kuwaamini mno mafundi wetu.

Hakuna asiyejua sifa za mafundi wa jua kali pale Kamukunji. Lete bati watakutengenezea sanduku, lete chuma watakutolea jiko, toroli au karai. Lakini bastola usiwapelekee. Kisheria, kutengeneza, kurekebisha na hata kujaribu silaha ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Fundi mwingine akikubali kazi hiyo, utakuwa umemwingiza katika kosa kwa malipo ya chakula cha mchana. Tena ustadi wa nyundo na tupa ndio hasa unaoiua bastola. Ndani yake mna meno madogo yanayokizuia kifyatulio. Ukiyapunguza kwa tupa unywele mmoja tu, nyundo ya bastola inaweza kuanguka yenyewe, na risasi ikatoka ikiwa mfukoni.

Basi, fundi aliyesajiliwa huangalia nini? Ni vizuri ujue, ili usije ukalipia kung'arishwa ukadhani umelipia kukaguliwa.

Kwanza atataka kujua ni bastola ya aina gani hasa, na inakula risasi ipi. Usione ni jambo dogo. Zile bastola za gurudumu za Webley na Enfield, ambazo Waingereza walizitumia sana katika makoloni yao, nyingi ni za .38. Lakini si kila .38 ni sawa. Risasi ya zamani ya Waingereza ni fupi na ya polepole, nayo .38 Special ya Wamarekani ni ndefu, nyembamba kidogo na yenye nguvu zaidi. Anayenunua kwa kusoma tarakimu tu anatafuta msiba. Browning ya magazini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 kutoka kiwanda cha FN nchini Ubelgiji, inatumia milimita 9. Risasi hiyo ikilipuka, nguvu inayosukuma kuta za chumba chake hukaribia mara 1,000 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Nguvu hiyo yote inazuiwa na chuma kilicho sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako, nacho kina umri wa babu yako.

Pili ataangalia ndani ya mtutu kwa taa. Anatafuta kutu iliyochimba mashimo, ufa, na ile pete ya uvimbe inayoonyesha kwamba zamani risasi moja ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Anatafuta pia vitu vilivyoziba. Kuna nyigu wanaopenda kujenga viota vya udongo ndani ya matundu membamba. Wakiupata mtutu ulio wazi ndani ya stoo, hawaulizi ni wa nani. Kiota kilichokauka kikikutana na risasi, mtutu unaweza kupasuka mkononi.

Utashangaa kwa nini bastola iliyofungwa vizuri na mafuta iwe imeoza ndani. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na kiwashio chenye chumvi inayobaki mtutuni na kuvuta unyevu kutoka hewani. Zilihitaji mtutu uoshwe kwa maji ya moto siku ile ile, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Mwenyewe akipaka mafuta tu, chumvi iliendelea kula chuma chini ya mafuta. Pengine baba aliipiga mara moja tu, siku moja, na siku hiyo ikaendelea kuula mtutu miaka yote hiyo bila yeye kujua.

Tatu ni springi. Springi iliyobanwa miaka 30 au 40 huenda imelegea. Ile inayorudisha mbele kifuniko cha juu ikichoka, kifuniko hicho hurudi nyuma kwa kishindo na kukigonga chuma cha chini hadi kipasuke. Nne ni mafuta yenyewe. Mafuta ya zamani huganda yakawa kama ulimbo. Pini inayogonga risasi ikinasa katika ulimbo huo huku ncha yake imechomoza, basi risasi inaweza kulipuka pale tu inapoingizwa, kabla mtu hajagusa kifyatulio. Ndiyo sababu kutia mafuta mapya juu ya ya zamani si matengenezo. Kila kipande hufunguliwa, huoshwa, hukaguliwa, ndipo hurudishwa.

Mwisho fundi atajaribu kufuli ya usalama na kifyatulio pasipo risasi yoyote. Ikiwa ni bastola ya gurudumu, ataona kama kila tundu linasimama sawasawa na mtutu. Lisiposimama sawa, risasi hukwanguliwa inapoingia na vipande vya risasi hurukia pembeni. Fundi mwaminifu anaweza kukuambia, "Mzee, hii usiipige kamwe." Akikuambia hivyo, mlipe na umshukuru.

Risasi za sandukuni

Katika lile sanduku mlikuta pia risasi 11 ndani ya kopo la kahawa. Ndugu yako aliuliza kama zinaweza kutumika, maana mpya ni ghali.

Hazifai. Risasi iliyokaa miaka mingi katika joto la chumba chenye dari hafifu haiaminiki. Ukiona kutu ya kijani, ganda lililopasuka au kichwa kinachocheza, usiendelee kuitazama. Hata ile inayong'aa inaweza kuwa na baruti iliyoharibika. Ikilipuka kidogo tu, kichwa hukwama katikati ya mtutu, na ile inayofuata huipasua bastola.

Lakini usizitupe pia. Ukizitia kwenye taka zitafika dampo la Dandora, ambako taka huungua na watu huokota riziki yao kwa mikono mitupu. Ukizifukia uani, mvua ya masika na jembe la mtoto vitazifukua. Zikabidhi kwa polisi pamoja na bastola, kuanzia siku ile ya kwanza, na uhakikishe idadi yake imeandikwa. Risasi za majaribio zinunuliwe mpya, za aina iliyotajwa katika cheti chako, kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa.

Siku ya uwanjani

Hatimaye siku imefika. Usitafute machimbo ya mawe wala shamba la mkonge. Nenda katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, kama ule wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu, wenye kuta za udongo za kumeza risasi na msimamizi ambaye neno lake ni amri.

Utavaa miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Usione haya. Mlio wa bastola unaweza kuliumiza sikio kwa mara moja tu, na sikio lililokufa halifufuki. Bastola itakaa imefunguliwa mezani, mtutu ukielekea kwenye shabaha, hadi utakapoambiwa uishike.

Risasi ya kwanza kabisa ya bastola kongwe si heshima ya mwenyewe. Mafundi waangalifu huifunga bastola kwenye kishikizo na kukivuta kifyatulio kwa kamba, wao wakiwa nyuma ya kinga. Hutiwa risasi 1 tu. Ikishapigwa, ganda huokotwa na kuchunguzwa. Je, pini imegonga katikati? Ganda limevimba? Limepasuka? Ganda la risasi huwa ni kama barua iliyoandikwa na chumba cha bastola, na fundi huisoma kabla ya kuendelea.

Barua ikiwa njema, hutiwa risasi 2, si 10. Maana yake ni kuona kama kifyatulio kikivutwa mara moja kinatoa moja au kinatoa zote mbili. Ikitoa zote mbili, majaribio yamekwisha kwa siku hiyo. Ikitoa moja moja, huendelea polepole hadi 5.

Kuna sauti mbili za kuogopwa. Ya kwanza ni "tik" pasipo mlipuko. Usiigeuze bastola uitazame. Ishike vivyo hivyo ikielekea kwenye shabaha, uhesabu angalau sekunde 30, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Ya pili ni mlio hafifu, kama wa chupa ya soda inayofunguliwa. Hapo huenda risasi imekwama mtutuni. Simama, iweke chini, mwite msimamizi.

Ukimaliza, osha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa sababu moshi wa risasi huwa na chembe za madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kisha bastola isafishwe siku ile ile, isije ikapatwa na yale yaliyompata baba.

Mtihani uliobaki

Hebu sasa turudi Buruburu. Tuseme bastola imeshinda kila jaribio. Risasi 5 zimetoka, maganda ni safi, na fundi ameitia sahihi yake. Unaingia nyumbani ukiwa umeridhika, na mama ameketi kwenye kochi akikungoja.

"Mwanangu," anakuambia, "nimesikia kwamba ni nzima. Sasa nieleze, na nyumba hii je, ni nzima?"

Hilo ndilo swali ambalo uwanja wa shabaha haulijibu. Je, mna sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa misumari mizito, au mnategemea lile kabati la nguo ambalo watoto hulifungua kwa kijiko? Mtoto wa miaka 5 ana nguvu za kutosha kuvuta kifyatulio kwa vidole gumba viwili. Je, yuko mtu nyumbani anayekunywa akabadilika? Yuko aliyefutwa kazi, akaacha kula na kuongea, ambaye usiku mmoja mbaya ungeweza kuwa wa mwisho kwa sababu kitu hicho kilikuwa karibu? Yule ndugu yako aliyetaka kwenda mtoni, umekwisha kumwambia ufunguo uko wapi? Na vijana wa mtaa, ambao siku hizi wanajua hata rangi ya pazia lenu, wakisikia kwamba kuna bastola ndani, watakuja kuwaheshimu au watakuja kuichukua?

Mtu anayebeba fedha za kazi usiku, aliyefunzwa, mwenye cheti, mwenye sefu na mwenye nyumba tulivu, anaweza kuyajibu maswali hayo bila kuinamisha macho. Ikiwa wewe ni huyo, itunze kwa mujibu wa sheria na uendelee na mazoezi. Lakini ukiona jibu moja linakukwama kooni, iko njia nyingine, nayo haina aibu. Unaweza kuisalimisha moja kwa moja. Mwezi Machi 2010, silaha 2,545 ziliteketezwa kwa moto katika Bustani ya Uhuru hapa Nairobi, na mwezi Novemba 2016 nyingine 5,250 zikachomwa kule Ngong. Nyingi zilikuwa zimenaswa mikononi mwa wahalifu, lakini zimo pia zilizorudishwa na watu wa kawaida waliotaka kulala usingizi.

Kumbukumbu ya mzee haimo katika chuma. Imo katika koti lile la sufi, katika hati ya nyumba aliyoilipia shilingi kwa shilingi, na katika ninyi mliobaki. Hata kule kukifunga kitu hicho kitambaani na kukificha chini kabisa kulikuwa ni ujumbe wake kwenu, kwamba asingependa mkono wa mtoto wake ukifikie kwa pupa.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla ndugu yako hajavaa viatu vya kuteremkia mtoni, mketishe. Mwambie mtakwenda naye kituoni kesho asubuhi, ninyi wawili na mama, mkiwa na cheti cha baba ikiwa kipo. Mengine yatafuata hatua kwa hatua. Mwenda pole hajikwai.